Mwalimu wangu aliniandikia "usiipeleke", kisha akafariki

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 54, profesa wa falsafa katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na somo langu ni maadili. Ningetegemewa kujua la kufanya, lakini wiki ya tatu sasa silali vizuri, na sina wa kumwambia.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikihariri mkusanyiko wa insha 12 za maadili ya tiba, zote kwa Kiswahili. Wanafunzi wetu wa udaktari husoma mambo haya kwa Kiingereza, halafu wanaingia wodini kuzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili, na hapo maneno yanawapotea. Nilitaka wawe na kitabu kinachosema kama wagonjwa wao wanavyosema. Mtu wa kwanza niliyemwomba insha ni mzee aliyenifundisha tangu shahada ya kwanza. Nitamwita Mwalimu tu, maana hata nilipopata uprofesa sikuwahi kumwita vingine.

Insha yake ilinifikia Januari. Ilihusu familia zinazomficha mgonjwa ugonjwa wake. Alianza na methali, "mficha maradhi, kifo humuumbua", akauliza: methali inamsema mgonjwa anayewaficha watu, watu wanaomficha mgonjwa nao huumbuliwa na nani? Akapita kwa mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, ambaye mwaka 1797 aliandika kwamba haifai kusema uongo hata kwa muuaji anayekuuliza rafiki yako amejificha wapi. Kisha ikaja sehemu ya tatu, kurasa 6 kati ya 19, na hiyo ndiyo iliyobeba insha nzima. Humo anasema Kant anamchukulia kila mtu kama amesimama peke yake, wakati mgonjwa wa kwetu amelala katikati ya watu wake. Habari ya ugonjwa ni mzigo wa nyumba nzima, na wenye nguvu wanaweza kuubeba kwa niaba ya asiye na nguvu. Mmoja wa wapitiaji wa mswada aliandika kwamba bila insha hii kitabu kingekosa uti wa mgongo.

Mimi nilikuwa na pingamizi moja. Je, mgonjwa akiuliza? Nililiandika pembeni mwa ukurasa, nikapanga kumtumia Aprili, nikijua atanijibu kwa ukali na tutabishana mwezi mzima kama kawaida yetu.

Aprili hiyohiyo binti yake akanipigia. Mwalimu alikuwa na saratani ya kongosho, nayo ilishafika kwenye ini. Watoto wote wanne walikubaliana wasimwambie. Walimwambia ana vidonda vya tumbo na ini limevimba kidogo. "Dada," akaniambia, "wewe anakusikiliza. Mwandikie mambo ya kitabu, apate cha kushughulisha akili. Lakini hili usimwambie." Nikasema sawa, mdogo wangu.

Jioni ile nililifuta pingamizi langu. Tangu siku hiyo nikawa namwandikia habari za mkato na nukta. Nilimrekebishia tanbihi. Nilimsifu. Juni akaniandikia: "Mbona siku hizi unanikubalia kila kitu? Zamani ulikuwa hunipitishii hata aya moja bila vita." Nikamjibu kwamba ni kwa sababu ameandika vizuri. Jibu hilo bado linanichoma.

Kuanzia mwezi huo macho yalimsumbua, akawa anamwambia mjukuu wake cha kuandika. Barua pepe zote ziliishia na maneno "kwa mkono wa mjukuu". Kisha usiku mmoja wa Agosti, saa tisa, ikaja nyingine isiyo na maneno hayo, haina herufi kubwa hata moja, na maneno mengine yameshikana. Nimeyatenganisha ili uweze kusoma:

"mwanangu, nimesoma tena sehemu ya tatu. niliandika nikiwa nimesimama kando ya kitanda. sasa nina swali ambalo sikulijibu mle. usiipeleke kwa mchapishaji mpaka nikurudishie. na wewe nina swali lako, nitakuuliza tukionana."

Asubuhi nikajibu: "Sawa Mwalimu, nasubiri." Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha, nikapanga kwenda kumwona Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alifariki Alhamisi, siku mbili kabla.

Sasa kaka mkubwa amenipigia. Wamesikia insha ya baba inatoka, na wanaomba nakala ili sehemu ya tatu isomwe siku ya arobaini. "Wapo ndugu wanatulaumu kwamba tulimzika baba hajui anaumwa nini. Baba mwenyewe ametujibia." Naona wanataka kuitumia insha hii kujisafisha. Mchapishaji anataka mafaili ya mwisho kabla mwezi haujaisha. Waandishi wengine 11 wanasubiri, na baadhi yao wanalihitaji chapisho hili ili wapandishwe cheo.

Nikiichapa, navunja neno la mwisho aliloniambia. Nikiizuia, nitaulizwa kwa nini, na sababu imo kwenye simu yangu, katika ujumbe ambao hakuna aliyeuona isipokuwa mimi, na sasa wewe. Ujumbe huo utawaambia watoto kwamba baba alijua. Na swali alilotaka kuniuliza nadhani nalijua. Nifanyeje?

Mhariri, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Profesa, dada yangu, pole sana kwa msiba. Naanza na pole kwa sababu katika barua yako yote sioni aliyekupa. Watoto walikaa na kupokea waombolezaji, wewe nadhani ulikuja na kuondoka kama wageni wengine, na simu yako mkobani. Mtu aliyefundishwa na mzee huyo tangu ujana, akaandikiana naye mpaka wiki zake za mwisho, naye amefiwa.

Unaniuliza kama insha ichapwe au isichapwe. Nimekuelewa, na nitafika huko. Lakini nikisoma polepole naona unaogopa mambo mawili yanayovutana. Insha ikitoka, wewe na watoto mtakuwa mmepata msamaha kutoka kwa mtu ambaye huenda hakuutoa. Isipotoka, utakuwa umewahukumu watoto kwa jambo ambalo nawe ulilishiriki. Kitabu kimeyafunga yote mawili pamoja kwa sababu kina tarehe. Bila tarehe ya mchapishaji, pengine ungejipa miezi ya kulia kwanza.

Turudi kwenye maneno yake, maana wewe ni mhariri na maneno ndiyo kazi yako. "Usiipeleke." Ipi? Sehemu ya tatu, au insha nzima? Sehemu ni "i", insha nayo ni "i". Lugha yetu hapa haitupi msaada. Halafu anasema ana swali ambalo hakulijibu. Hakusema amekosea, wala hakusema ifutwe. Wewe unamjua, mimi simjui, kwa hiyo niambie: alipokuwa akigundua swali lililomponyoka, alikuwa na desturi gani? Wako wanaochana karatasi. Wako wanaoongeza aya mbili wakaendelea. Umeyapokea maneno haya kwa maana yake nzito kuliko zote, kwamba aliikana insha. Huenda uko sahihi. Lakini nakuomba uangalie kama uzito huo unatoka kwenye sentensi inayohusu insha, au umemwagika kutoka kwenye ile inayofuata, inayokuhusu wewe.

Na tuseme kweli alikuwa amegeuka. Je, aliyoyaandika Januari, mwili ukiwa mzima, yanakuwa uongo? Kwenye suala hilihili, madaktari wenyewe waligeuka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1961 ulikuta karibu asilimia 90 ya madaktari walioulizwa walikuwa na desturi ya kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 madaktari wengine wakaulizwa upya, na asilimia 97 wakasema wao humwambia. Ndani ya miaka 18 desturi ya fani nzima ilipinduka. Wale wa 1961 wengi walificha kwa huruma, kama binti wa Mwalimu alivyoficha. Wanafunzi wako watakutana na nyumba nyingi zinazofikiri kama sehemu ya tatu, na watahitaji kuisoma hoja hiyo ikiwa imetetewa na mtu mwenye akili. Kwa upande mwingine, mwandishi aliyekuomba usubiri ana haki ya kusubiriwa, hata hoja yake ikiwa na faida kubwa kiasi gani. Sioni njia ya kuufanya upande mmoja uwe mwepesi.

Sasa kuna jambo umelitaja kama la kupita, nami siwezi kulipita. Barua zote tangu Juni ziliandikwa na mjukuu. Ya mwisho aliiandika mwenyewe, kwa macho mabovu, saa tisa usiku, nyumba imelala. Angeweza kungoja asubuhi akamwita mtoto kama siku zote. Hakungoja. Mimi naona hapo mzee ambaye hakutaka mtu wa nyumba yake ajue alichoandika. Kama alijua anaumwa nini, basi naye aliwaficha waliomficha. Labda aliwaonea huruma. Labda aliona wamechoka kubeba ule mzigo, akaona awaachie waamini kwamba wamefaulu kumkinga. Sina uhakika, na wewe huna. Lakini kabla hujauonyesha ujumbe ule kwa yeyote, jiulize kama kuuonyesha ni kutii neno lake au kufichua alilolifunika kwa makusudi. Ulikuwa umeombwa siri na binti. Inawezekana uliombwa nyingine na baba, bila neno "siri" kutamkwa.

Vilevile sipendi kuliacha neno lako kuhusu watoto, kwamba wanataka kujisafisha. Huenda. Ila mtu anayelaumiwa na shangazi na baba wadogo kwenye matanga ya baba yake hushika chochote chenye sauti ya baba. Kaka mkubwa anaposema "ametujibia", mimi nasikia mtu anayetafuta kama baba alimwelewa. Na umejuaje kwamba hawajui? Wanne wale walikuwa naye miezi minne. Walimgeuza kitandani, walimwona macho yakigeuka manjano, wakamwona akijitazama kwenye kioo. Mzee aliyeishi kwa kuuliza maswali maisha yake yote, akae kimya namna hiyo, na wasishuku?

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Barua uliyoandikiwa ni yako kuimiliki, lakini maneno yaliyomo ni ya aliyeyaandika. Jambo hilo liliamuliwa Uingereza tangu mwaka 1741, mshairi Alexander Pope alipomshtaki mwuza vitabu Edmund Curll kwa kuchapa barua zake. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hiyo huenda kwa warithi. Maana yake ni kwamba hata ukiamua kuunukuu ujumbe ule ndani ya kitabu, ruhusa utaiomba kwa haohao unaoogopa kuwaumiza. Utazame pia mkataba wa Mwalimu na mchapishaji: aliusaini lini, na unasemaje kuhusu marekebisho ya mwisho? Hilo mwanasheria wa chuo atakusomea kwa dakika kumi. Halitakupa usingizi, lakini utajua lililo mikononi mwako na lisilokuwamo.

Zipo njia kadhaa mbele yako, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuichapa kama ilivyo, ukaweka chini ya ukurasa wa kwanza maelezo ya mhariri: mwandishi alifariki kabla ya kukamilisha marekebisho ya sehemu ya tatu. Wenzako wa fani wamewahi kupita njia ya namna hiyo. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alipofariki mwaka 1951, waliobaki na miswada yake walitoa kitabu chake kikuu mwaka 1953, na kwenye maelezo yao wakawaambia wasomaji wazi kwamba kama angekitoa mwenyewe, angeondoa sehemu kubwa ya kurasa thelathini hivi za mwisho za sehemu ya kwanza na kuyaingiza humo yaliyomo sehemu ya pili. Wengine hawakuridhika na uamuzi wa kuyaunganisha hayo yote, na toleo la mwaka 2009 likakiondoa kichwa "sehemu ya pili" na kuwaambia wasomaji kwamba hicho ni kipande kinachosimama peke yake. Waliweza kusahihisha kwa sababu wa kwanza hawakuficha walichokifanya na karatasi zilihifadhiwa. Mwiba wa njia hii wewe unauona kunizidi. Sentensi ile fupi ni kweli, lakini ni kweli iliyopunguzwa, na mtu aliyeambiwa kwamba ini lake limevimba kidogo aliambiwa pia kweli iliyopunguzwa. Mwalimu angekuuliza tofauti iko wapi. Nadhani ipo, lakini utatakiwa kuitamka kwa kinywa chako.

Unaweza kuiondoa sehemu ya tatu peke yake. Hiyo ingekuwa tafsiri moja ya "usiipeleke". Lakini umesema ndiyo iliyobeba insha, na kinachobaki kitamsimamisha Mwalimu mbele ya wasomaji akiwa na swali la methali na jibu la Kant tu, kana kwamba hakuwa na lake. Kuiondoa insha nzima kunamheshimu kwa namna fulani, na kunakuacha na maelezo ya kutoa kwa kaka mkubwa. Ukimwambia ni sababu za kiufundi, utakuwa umeanza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Ipo njia ya kuomba muda. Umesema mchapishaji anataka mafaili mwisho wa mwezi. Hukusema umemwomba akakataa. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Nairobi alifariki Desemba 1995, na kitabu chake cha insha za falsafa ya matendo kilitoka 1997. Vitabu vya namna hii husubiri. Ila wale 11 wana maisha yao na vyeo vyao, na hawakuombwa kubeba jambo hili. Itakubidi uwaambie kitu, na ukiwa wazi kwao nusu, minong'ono itaziba nusu iliyobaki.

Na ipo njia ambayo hukuitaja. Ulikuwa na pingamizi: je, mgonjwa akiuliza? Ulilifuta Aprili. Unaweza kuliandika sasa, kwa jina lako, kama insha fupi inayofuata ya kwake. Kwenye vitabu vya fani yako mwandishi kujibiwa ndani ya kitabu kilekile ni jambo la kawaida. Msomaji angemwona Mwalimu akijibiwa na mtu aliyemheshimu kiasi cha kumpinga. Hatari yake ni kwamba yeye hawezi kukujibu tena, na mhariri ndiye mwenye neno la mwisho. Lazima ujiangalie usishinde kirahisi. Na lazima ujue unaliandika kwa ajili ya wasomaji, au kwa ajili ya ile barua ya Juni.

Niseme kidogo juu ya barua hiyo, kwa sababu naamini hapo ndipo panapouma kuliko mahali pengine popote. "Mbona siku hizi unanikubalia kila kitu?" Umeichukua kama ushahidi dhidi yako. Mimi naisoma kama ishara kwamba alikuwa ameanza kuuona ugonjwa wake kupitia kwako. Madaktari walimwambia vidonda, watoto wakamwambia vidonda, lakini mwanafunzi aliyekuwa hampitishii aya bila vita akaacha kupigana. Ulimficha ulichoahidi kuficha, na upole wako ukamwambia. Sisemi hivyo ili kukuondolea jambo lolote. Ulimnyima mpinzani wake wakati ambao angemhitaji, na hilo ni la kuhuzunikia. Ila sidhani alikuwa gizani kwa sababu yako. Kuhusu swali alilotaka kukuuliza mkionana, unasema unadhani unalijua. Linaweza kuwa lile. Linaweza kuwa kuhusu pingamizi ulilolizuia, kwa sababu mwalimu wa miaka mingi huwa anaijua harufu ya hoja iliyofichwa.

Kama ningekuwa karibu yako, ningekuomba kabla ya mambo ya mchapishaji uende kumwona yule binti. Yeye ndiye aliyekuomba siri, na ninyi wawili mliibeba pamoja. Usiende na simu mkononi. Nenda na muda wa kutosha, saa ambayo nyumba haina wageni, na usianze na insha. Mwulize baba alikuwa analalaje mwezi ule wa mwisho, na usiku nani alikuwa anakaa naye. Kisha nyamaza umsikilize. Huenda naye alikuwa macho saa tisa.